UZI: Mama akiulizwa swali njiani anasimama. Tatizo ni miguu au kichwa?

Mwana_wa_Chumbageni #1

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu wa hesabu, yuko Tanga na mdogo wangu wa kike na wajukuu wawili. Mwezi wa tatu alianguka uani. Hakuteleza, hapakuwa na maji wala giza. Alibeba sufuria anaelekea jikoni, mjukuu akamuuliza kutoka mlangoni, "Bibi, saba mara nane ngapi?" Akageuka kumjibu huku anatembea, akaenda chini. Sufuria huko, bibi huku. Tukampeleka hospitali, picha ya nyonga ikaonyesha mfupa mzima, presha wakasema nzuri, sukari hana. Tukarudi na dawa za maumivu, basi.

Sasa kilichofuata. Mama amekuwa mwoga. Sokoni haendi tena, anasali kwenye kiti, kutoka chumbani hadi barazani anapapasa ukuta. Nilipokwenda likizo nikawa namtoa jioni tunyooshe miguu, ndipo nikaona kitu: kila nikimuuliza jambo la kufikiria, anasimama. Hapunguzi mwendo, anasimama kabisa, anajibu, halafu anaanza safari upya. Nimejaribu mara tano, mara nne kasimama.

Mtaalamu wa viungo mmoja akaniambia hiyo ni dalili inayojulikana, na kwamba mazoezi ya miguu peke yake hayatatosha, tumzoeshe kutembea huku akifikiri. Nikabaki nashangaa. Aliyewahi kulea mzee wa namna hii anisaidie, nianzie wapi?

Bakora_ya_Babu #2

Pole mkuu. Ila huku kwetu ukimsalimia mtu akajibu bila kusimama unaenda kumsema kwao. Mama ana adabu zake tu, msimtafutie ugonjwa.

Mwana_wa_Chumbageni #3

Hahaha, salamu nimezitoa kwenye hesabu mkuu. Nasema swali kama "yule fundi wa paa alikuwa anakaa mtaa gani?"

Fizio_Moro #4

Pole kwa mama. Mimi ni mtaalamu wa viungo, huu mwaka wa kumi na mbili kazini. Mwenzangu kawaambia vizuri.

Ulichokiona kina historia yake. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walitoa taarifa fupi kwenye jarida la Lancet. Walitembea na wakazi 58 wa makazi ya wazee, wakawa wanawaanzishia maongezi njiani. Waliosimama ili waweze kuongea walikuwa 12. Miezi sita baadaye, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameshaanguka. Hapo hakuna mashine wala kipimo cha damu, ni maongezi tu.

Kwa nini iwe hivyo? Kijana anatembea kama anavyopumua, hafikirii. Umri ukienda, nyayo hazihisi ardhi kama zamani, macho yanafifia, misuli ya mapaja inapungua, na sikio la ndani linalosaidia mizani nalo halileti habari zilizonyooka. Ubongo unalazimika kuisimamia kila hatua, kazi ambayo zamani ilikuwa inajiendea yenyewe. Ukiongeza na swali la saba mara nane, unaiomba sehemu ileile ya ubongo, hii ya nyuma ya paji la uso, ifanye kazi mbili. Moja lazima isubiri.

Na hapa ndipo ndugu wengi wanapokosea: kusimama si kosa la mama. Anaposimama akili yake inamlinda. Mimi ananitisha yule asiyesimama ilhali miguu inayumba. Siku ya sufuria mama hakusimama, aligeuka huku anatembea na mikono imejaa. Kwa hiyo msimwambie "mama, tembea tu, usisimame." Mtamwangusha.

Kabla sijasema zoezi lolote nijibu haya. Presha ilipimwa amekaa tu, au na akiwa ameinuka? Ana dawa gani, hasa za usingizi? Macho yakoje? Anavaa viatu gani nyumbani? Alipoanguka kichwa kiligonga chini?

Mwana_wa_Chumbageni #5

Kichwa hakikugonga, nilimuuliza sana. Presha ilipimwa amekaa. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho tangu mwaka juzi, upasuaji anauogopa. Viatu ni kandambili, soli imebaki kama karatasi. Dawa... nimempigia simu mdogo wangu sasa hivi ndiyo naambiwa kuna vidonge vya usingizi, alipewa na jirani. Nimechoka!

Fizio_Moro #6

Umeona? Kesi yako nusu imo kwenye bandiko hilo. Vidonge vya usingizi vinaongeza kuanguka kwa wazee, na asubuhi huwa bado vimo mwilini. Lakini kama amevitumia muda mrefu msivikate ghafla, mpelekeni kwa daktari avipunguze kwa utaratibu. Hapohapo mwombeni apime presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Kuna wazee presha inashuka wakiinuka tu, wanapata kizunguzungu, na kipimo cha kukaa hakionyeshi kitu. Jicho lishughulikiwe. Kandambili zitupwe leo, atafutiwe kiatu chenye mkanda nyuma na soli isiyoteleza.

Halafu mfanyie vipimo viwili nyumbani. Cha kwanza, kiti kigumu cha kawaida kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemezwe ukutani. Mikono aikunje kifuani. Sekunde 30, hesabu anainuka wima mara ngapi. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, yuko chini ya wastani wa rika lake. Mwanamume wa umri huo ni 12. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika sifuri.

Cha pili, weka alama sakafuni mita 3 kutoka kwenye kiti. Anainuka, anatembea mwendo wake wa siku zote hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Sekunde 12 na zaidi, ana hatari ya kuanguka. Kisha rudia, safari hii akihesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kutoka 100. Uwe pembeni yake, mkono tayari. Niletee namba.

Tiba_Asili_Orijino #7

Magoti yakikauka ute ndiyo matokeo yake hayo!! Tuna unga wa mizizi saba, siku 14 tu mzee anacheza mpira. Njoo inboksi.

Bakora_ya_Babu #8

Mkuu wa mizizi, na yule mjukuu aliyeuliza saba mara nane una mzizi wake?

Mzee_wa_Kete #9

Wanangu, mimi nina miaka 71. Hayo ya kutumia akili nimeyaelewa. Ila mbona mnazunguka mbali? Sisi kijiweni tunacheza bao kila siku kuanzia alasiri. Mashimo 32, kete 64, unapiga hesabu ya mtaji, yaani kula kete za mwenzako, hatua nne mbele kichwani bila karatasi. Kuna zoezi la ubongo kuliko hilo? Mpelekeni mama akajifunze bao.

Fizio_Moro #10

Shikamoo mzee wangu. Bao ni kazi kubwa ya ubongo, sibishi. Kuna wataalamu wa Bronx, New York, waliwafuatilia wazee 469 waliovuka miaka 75, matokeo yakatoka mwaka 2003: waliokuwa wanasoma, wanacheza michezo ya ubao, wanapiga ala au wanacheza dansi walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa uchache zaidi. Tahadhari ni kwamba huo ulikuwa ufuatiliaji tu. Inawezekana pia ubongo ulioanza kuchoka huwa unaacha michezo mapema.

Swali langu kwako mzee: kuanzia alasiri hadi magharibi, unainuka mara ngapi?

Mzee_wa_Kete #11

Marahaba. Naenda msalani mara moja.

Fizio_Moro #12

Ndiyo ninachokisema. Kichwa kimefanya kazi saa tatu, mapaja yamelala saa tatu. Mwili unavuna kile ulichoupandia. Marekani waliwahi kuwafundisha wazee 2,832 mbinu za kumbukumbu, za kufikiri na za wepesi wa kuchakata mambo, utafiti uitwao ACTIVE, matokeo ya kwanza yalitoka 2002. Kila kundi liliongeza uwezo kwenye kile lilichofundishwa. Wa kumbukumbu waliongeza kumbukumbu, wa wepesi wakaongeza wepesi. Ndiyo maana nawaonya watu wanaowanunulia wazazi simu zenye michezo ya akili wakidhani miguu itapona. Ukitaka mtu awe salama kutembea huku anafikiri, mfundishe kutembea huku anafikiri.

Takwimu_Tu #13

Nauliza bila ubaya, nimekulia nyumba ya madaktari na najua mambo haya hupambwa. Je, kuna ushahidi kwamba mazoezi yanamrudishia mzee mwendo, au tunapeana moyo tu?

Fizio_Moro #14

Swali zuri. Ushahidi mkubwa ninaoujua mimi ni wa Marekani, utafiti wa LIFE, 2014. Watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote watu wa kukaa, miguu imeanza kulegea ila bado wanaweza kutembea mita 400. Nusu wakapewa mazoezi, hasa kutembea, pamoja na nguvu na mizani. Nusu wakapewa masomo ya afya. Baada ya wastani wa miaka 2.6, waliopoteza uwezo wa kutembea zile mita 400 ni asilimia 35.5 upande wa masomo, na asilimia 30.1 upande wa mazoezi.

Takwimu_Tu #15

Kwa hiyo kwa kila watu 100, watano tu ndio wameokolewa. Miaka miwili na nusu ya jasho.

Fizio_Moro #16

Watano wanaoendelea kwenda sokoni kwa miguu yao. Nitajie kidonge kinachofanya hivyo nikiandike. Na kwa kuwa unapenda ukweli, nakupa na wa upande wa pili: walewale wa LIFE walipimwa akili baada ya miaka miwili, na wa mazoezi hawakuwashinda wa masomo. Miguu ilifaidika, kichwa hakikuonyesha tofauti. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuamini kuchanganya.

Waliochanganya wapo. Finland, utafiti wa FINGER, 2015, watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77: chakula, mazoezi, kazi za ubongo, na kufuatilia presha na mengineyo, miaka miwili. Walioshughulikiwa walipata alama bora za akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Canada, 2023, watu 175 ambao kumbukumbu ilishaanza kuyumba, wiki 20: mazoezi pamoja na kazi za ubongo yaliwapa alama bora kuliko mazoezi peke yake. Kulikuwa na vitamini D pia, hiyo haikuongeza kitu.

Ila unaoupenda moyo wangu ni wa Geneva, 2011. Wazee 134 waliovuka 65. Mara moja kwa wiki, saa moja, mpiga piano anapiga, wao wanatembea kufuata mdundo. Mdundo ukibadilika wanabadilisha hatua, wakati mwingine wanashika kitu mkononi. Miezi sita. Kuanguka kulipungua kwa zaidi ya nusu. Sasa niambieni, hicho kina tofauti gani na bibi zetu kwenye ngoma? Unasikiliza, unahesabu pigo, unaangalia wa mbele yako, unageuka, mguu haukosei.

Bakora_ya_Babu #17

Kwa hiyo bibi yangu anayekesha kwenye mdundiko alikuwa kliniki muda wote huu. Namwomba radhi.

Mbeba_Maboksi #18

Niko Sweden, kazi yangu ni kulea wazee. Nathibitisha hilo la kusimama. Kwenye makazi ninayofanya kazi, mzee mpya akija mimi kitu cha kwanza namsindikiza chumbani huku namuuliza ametoka mji gani. Akisimama najua huyu nikae naye karibu, na usiku taa ya msalani isizimwe.

Kilichonishangaza nilipofika huku ni kwamba mzee wa miaka 90 anafungwa uzito mguuni na kuambiwa nyanyua. Nilidhani ni ukatili! Kumbe mambo ya siku nyingi.

Fizio_Moro #19

Ya siku nyingi kweli. Boston, 1990, wazee kumi wa makazi ya wazee, miaka 86 hadi 96, walinyanyua uzito mkubwa kwa miguu wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Na New Zealand wana mpango wao wa Otago, mzee anafanya nyumbani kwake na uzito wa kifundoni, umepunguza kuanguka kwa asilimia 35 hivi. Uzito wenyewe si lazima ununue. Soksi, mchanga, ufunge vizuri, anza na nusu kilo.

Mwana_wa_Chumbageni #20

Narudi na namba. Kiti: 6. Kutembea mita 3 na kurudi: sekunde 16. Huku anahesabu: sekunde 24, na alisimama njiani mara mbili. Lakini kuna kichekesho. Alifika 79 akasita, akakataa kutembea mpaka ahakikishe kwamba inayofuata ni 76. Mwalimu hakubali kukosea hesabu hata kama nyumba inaungua.

Daktari kapunguza vidonge. Presha akisimama inashuka kidogo, kasema anywe maji ya kutosha na akiamka akae kitandani kwanza kabla ya kusimama. Jicho tumepewa tarehe.

Fizio_Moro #21

Hicho kichekesho ndicho kiini. Mama anaitanguliza hesabu kuliko miguu. Mzee mwingine ungemkuta ametanguliza miguu, hesabu anaikosea bila kujali. Kwa hiyo lazima afundishwe kuchagua. Kuna jaribio dogo la 2009, watu 23 wenye mizani mbovu. Waliofundishwa kutembea tu hawakuongeza kasi ya kutembea huku wakifanya kazi ya kichwa. Waliofundishwa vyote viwili pamoja waliongeza. Kundi mojawapo walikuwa wakiambiwa, "sasa weka akili kwenye miguu," na baadaye, "sasa weka akili kwenye hesabu." Hiyo ndiyo mbinu ya kumfundishia mwalimu wetu.

Lakini si leo. Kwa 6 kwenye kiti, wiki nne za kwanza ni nguvu tu. Kuinuka na kukaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta, mara nane, apumzike, arudie. Kama ni kiti cha plastiki angalieni miguu yake isiteleze kwenye vigae. Ashike nondo za dirisha anyanyuke kwa vidole vya miguu. Atembee ubavu ubavu akifuata ukuta, aende na kurudi. Asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole, vidole vya mkono vikigusa meza. Soksi ya mchanga akiwa amekaa, mguu unanyooshwa polepole na kushushwa polepole zaidi. Siku tatu kwa wiki, ndiyo wanavyoshauri hata Shirika la Afya Duniani kwa waliovuka 65 kuhusu nguvu na mizani. Siku nyingine atembee. Maumivu ya kifua, pumzi kukata, kizunguzungu: acha, kaa. Na akianza ghafla kupooza upande, kuongea vibaya, au kuchanganyikiwa siku kadhaa baada ya kugonga kichwa, huko si kwangu, ni hospitali mbio.

Jambo jingine, na hili nasema kwa upole. Zamani mama alikuwa anakuna nazi wapi?

Mwana_wa_Chumbageni #22

Kwenye mbuzi, kama kila mtu. Sasa tumemnunulia mashine. Na bomba tumeingiza ndani, na choo cha kukaa, na dada wa kazi yupo. Aaah. Nimeelewa unakokwenda.

Fizio_Moro #23

Mbuzi ni kigoda cha chini. Choo cha kuchuchumaa. Mkeka. Kisima. Mtu wa miaka 60 alikuwa anainuka kutoka chini mara nyingi kwa siku bila kuita mazoezi. Watoto mkapata kazi, mkaja na upendo wenu, mkavitoa vyote mwaka mmoja. Sisemi mrudishe choo cha kuchuchumaa, mtu aliyeanguka anahitaji choo cha kukaa na chuma cha kushika. Nasema mlichokitoa mkirudishe kwa njia nyingine.

Ukhti_Ngamiani #24

Samahani nadandia. Umesema anasali kwenye kiti. Faradhi tano kwa siku ni rakaa 17, kila rakaa sijda mbili. Mama aliyekuwa anasali chini akahamia kwenye kiti amepoteza kuinuka kwingi sana, na kuhesabu rakaa vilevile ni kazi ya akili.

Mzee_wa_Kete #25

Binti, ibada usiifanye jimu.

Ukhti_Ngamiani #26

Siifanyi jimu, babu. Mwenye udhuru anasali alivyoweza na hilo halina mjadala. Nasema tu mama mwenyewe huenda anaitamani zulia.

Mwana_wa_Chumbageni #27

Hilo la kutamani ni kweli. Alishaniambia anaona aibu kukaa kwenye kiti kati ya wenzake.

Bintiye_Majengo #28

Hamjambo, naandika kutoka Mombasa. Mamangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaokaza na kutetemesha mwili, ana miaka 69. Akipita mlangoni miguu yaganda kabisa kama imegundishwa. Naye nimfanyishe hesabu akitembea?

Fizio_Moro #29

Hapana dada, usianze mwenyewe. Parkinson ni habari nyingine, kazi mbili kwa pamoja zinaweza kumgandisha zaidi. Huyo anza na kumpa mdundo, apige hatua kwa hesabu ya moja-mbili, au chora mistari sakafuni avuke mmoja mmoja. Wengi inawafungua. Mazoezi ya kuchanganya afanye mbele ya mtaalamu anayemwona kwa macho. Vivyo hivyo waliopata kiharusi.

Binti_Machame #30

Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kukaa na wazee sana. Waliwakuta asilimia 6.4 ya waliofika miaka 70 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengi nyumbani wanaambiwa ni uzee tu. Baadaye wakajaribu vikao vya kuchangamsha akili vilivyoanzia Uingereza, wakavibadilisha vifae huku: vikao 14 kwa wiki saba, wagonjwa 34. Matokeo ya 2017 yalikuwa mazuri, akili na hali ya maisha. Miguu haikuwa lengo lao, nasema nisije nikapigwa na Takwimu_Tu.

Sisi kwa bibi tunafanya hivi: anakagua migomba. Anatembea shambani anataja kila mgomba ni wa aina gani, umezaa lini, na mkungu ulikatwa ukapewa nani. Asipokumbuka, anasimama, ruksa. Tukifika kwenye mfereji tunanyamaza wote mpaka avuke.

Fizio_Moro #31

Hilo la mfereji liandikwe kwa wino mwekundu. Penye hatari, kichwa kiachiwe miguu.

Mwana_wa_Chumbageni #32

Wiki ya tano. Kiti: 9. Kutembea: sekunde 13. Kandambili zimeenda jalalani, ingawa alizifuata mara moja nikamkuta nazo. Jicho limefanyiwa upasuaji, bandeji imetolewa jana, anasema kumbe ukuta wa jirani ni wa rangi ya kijani.

Tumeanza kuchanganya. Mwanzo aliona ni mchezo wa kitoto, mpaka wajukuu walipoingia. Anawapeleka dukani kila jioni, mita kama 200, mdogo wangu nyuma yao. Kwenda: "miguu," yaani wajukuu wanaongea, yeye anajibu kwa mkato na anaangalia njia. Kurudi: "hesabu," anawauliza jedwali, wakikosa anawasahihisha. Mwanzoni alikuwa anasimama kwa kila kosa la mtoto. Sasa anasahihisha huku anatembea, ila kosa likiwa kubwa bado anasimama, na mtoto anajua kakwisha.

Jana tumepima na hesabu ya tatu tatu: sekunde 18. Alipofika 79 akasema "sabini na sita" na mguu ukaendelea.

Takwimu_Tu #33

Mtu mmoja, kapata jicho jipya, kapunguziwa vidonge na kabadilishiwa viatu. Hatuwezi kujua kilichosaidia ni kipi. Lakini hongereni, na mama nampa shikamoo.

Fizio_Moro #34

Uko sahihi kabisa, na mimi sijali kipi kimesaidia. Ongezeni kikombe cha maji mkononi, nusu, si kujaa. Zulia tulijaribu lini?

Mwana_wa_Chumbageni #35

Anaanza na mto chini ya magoti na kiti pembeni cha kushikia. Rakaa mbili za alfajiri tu. Zilizobaki kwenye kiti.

Mzee_wa_Kete #36

Nimerudi. Nimewapima wote kijiweni jana, sekunde 30 kwa saa ya simu ya muuza kahawa. Tulikubaliana wa mwisho ananunua. Mimi 11. Bingwa wetu wa bao, ambaye hajafungwa tangu mfungo uliopita, kapata 7 na ameng'ang'ania kwamba benchi la baraza ni fupi kuliko kiti cha mtaalamu, kwa hiyo hahesabiwi. Kahawa hajalipa mpaka sasa. Toa hukumu.

Fizio_Moro #37

Mzee, fupi ni ngumu zaidi, hapo ana haki. Arudie kwenye kiti cha sentimita 43. Akibaki wa mwisho alipe na kashata. Na kuanzia leo kila mchezo ukiisha, aliyefungwa na aliyeshinda wainuke wote mara tano kabla ya kupanga kete upya.

Mzee_wa_Kete #38

Aliyeshinda pia?

Fizio_Moro #39

Hasa aliyeshinda. Ndiye anayekaa muda mrefu.